Ndala inamchomoka mguuni bila yeye kujua

Shikamoo mama.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mbagala, asubuhi nauza vitumbua. Mume wangu ana miaka 43, ni seremala kule Keko. Hii ni wiki ya kumi tangu apatwe na tatizo la mgongo. Alikuwa na vijana wake wanapandisha kabati la milango mitatu ghorofa ya pili, yeye akiwa chini. Anasema alisikia kitu kama kamba imekatika kiunoni. Usiku ule hakulala. Kesho yake maumivu yakashuka kwenye tako la kulia, nyuma ya paja, hadi ubavuni mwa mguu, anasema ni kama mtu amemwekea umeme. Akikohoa analia, mwanaume mzima.

Tulianza zahanati, akachomwa sindano za maumivu siku tano. Tukaenda hospitali kubwa, akapigwa MRI. Daktari akatuonyesha picha, akasema diski ya kati ya pingili ya nne na ya tano ya kiuno imetoka na inabana mshipa wa fahamu. Akampa dawa na mazoezi, akasema turudi baada ya wiki sita, ikiwa hajapata nafuu watafikiria upasuaji.

Mama mkwe aliposikia neno upasuaji alikuja kutoka Kisarawe siku hiyo hiyo. Amesema mwanawe hatapasuliwa mgongo akiwa yeye yuko hai. Kaka yake alipasuliwa mgongo na hakutembea tena hadi alipozikwa. Akamleta mzee mmoja anayekanda. Anamlaza kifudifudi, anampaka mafuta, halafu anapanda mgongoni na kukanyaga kwa kisigino. Amekuja mara nne. Kuna pia kliniki moja ya watu binafsi wana mashine ya kuvuta mgongo. Wanasema watairudisha diski mahali pake bila kisu, mara 20, laki tisa, zilipwe zote mwanzo. Shemeji zangu wameanza kuchanga.

Kusema kweli maumivu yamepungua, tangu kama wiki mbili hivi. Mama mkwe anasema ni yule mzee. Mume wangu naye anasema anajisikia vizuri, anataka kurudi kazini, ila ule mguu umekuwa mzito kidogo. Juzi tulikuwa tunatoka msikitini, nikamwona anatembea ndala moja. Ya kulia imebaki nyuma hatua kumi hivi, yeye hana habari. Watoto walicheka. Si mara ya kwanza.

Naomba unishauri mama. Tulipe kliniki, tuendelee na mzee, au turudi hospitali? Na ni kweli mtu akipasuliwa mgongo anapooza?

Mama wa watatu, Mbagala

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa wiki hizi kumi.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama ulivyoiandika: kliniki, mzee wa kukanda, mama mkwe. Mara ya pili nikasimama kwenye ndala na sikuweza kuendelea. Wewe umeiandika mwisho kabisa, kama kichekesho cha watoto. Mimi nimekuwa muuguzi wa wodi ya mgongo miaka 22, na kwangu barua yako yote ni hiyo ndala.

Ndala haishikwi na mkanda nyuma. Inashikwa na kidole gumba na kidole cha pili, na unapoinua mguu, unyayo unanyanyuka mbele ili usiburute. Kazi hiyo, hasa ya kunyanyua kidole gumba, inategemea mshipa mmoja wa fahamu unaotoka kiunoni, ukapita takoni na nyuma ya paja, ukazunguka nje ya goti hadi juu ya unyayo. Diski ya kati ya pingili ya nne na ya tano ikitoka, mara nyingi mshipa unaobanwa ni huo huo. Ndala inapochomoka na mwenyewe hana habari, maana yake ni mbili kwa pamoja: nguvu ya kuishika imepungua, na ngozi ya unyayo haileti taarifa kwamba imebaki peku.

Sasa hapa nisikilize vizuri. Umesema maumivu yamepungua tangu wiki mbili, na nyumbani kwenu mmefurahi. Maumivu yakipungua huku mguu una nguvu zile zile, au unazidi kupata nguvu, hiyo ni nafuu, na mshukuru Mungu. Lakini maumivu yakipungua huku mguu unazidi kuwa mzito na ganzi inaongezeka, hiyo si nafuu. Huenda mshipa umebanwa hadi umechoka kulalamika. Nimewaona wanaume waliokuja wodini wakitabasamu, eti maumivu yameisha, na unyayo unaning'inia kama kitambaa kilicholowa.

Kwa hiyo leo hii, mkimaliza kula, fanyeni hivi. Mkalishe kwenye kiti, miguu chini, peku. Mwambie anyanyue vidole gumba vyote viwili kuelekea usoni kwake, na wewe uvisukume chini kwa kidole chako kimoja kimoja. Cha kushoto kitakushinda nguvu. Angalia cha kulia kama kinashuka kirahisi. Halafu asimame, umshike mkono, atembee hatua tano kwa visigino tu, vidole vikiwa juu. Ikiwa upande wa kulia unyayo unaanguka chini, basi umeshapata jibu la barua yako: kesho asubuhi mnarudi hospitali, wiki sita za daktari hazihesabiwi tena. Hata kidole kikionekana kizima, bado rudini wiki hii, kwa sababu ndala imeshachomoka zaidi ya mara moja.

Kuna maswali mengine ambayo mke ndiye anayeweza kuuliza, maana wanaume wengi huyaficha. Muulize faraghani. Akienda haja ndogo, mkojo unatoka kama kawaida, au anasubiri na kusukuma? Unamtoka bila kujua? Haja kubwa anaizuia? Akitawaza, maji anayahisi sawasawa pande zote, au ni kama anamwosha mtu mwingine? Ganzi iko mapajani kwa ndani, pale mtu anapokalia tandiko la baiskeli? Na mambo ya chumbani, je, yamebadilika ghafla? Ikiwa hata moja kati ya haya lipo, usingoje asubuhi. Chukueni gari usiku huo huo, nendeni kitengo cha dharura na mseme maneno haya waziwazi: ana diski, na sasa ana ganzi sehemu za siri au mkojo umebadilika. Hapo kuna fundo zima la mishipa linalobanwa, na saa zinahesabika. Madaktari hujitahidi kuliondolea mzigo ndani ya saa 48, na kila saa inayookolewa ina faida. Mtu aliyechelewa anaweza kutembea na mpira wa mkojo maisha yake yote.

Nije kwenye swali lako kubwa, kupooza. Hofu ya mama mkwe si ya kijinga, na naomba usimdharau nayo. Lakini umulize kwa upole swali moja: mjomba aliingia chumba cha upasuaji akitembea, au alibebwa? Wengi wanaokumbukwa mitaani kwamba walipoozeshwa na kisu waliingia wakiwa wameshapooza, kwa ajali, kwa uvimbe, au kwa kifua kikuu cha mgongo, na upasuaji ulikuja kujaribu kuokoa kilichobaki.

Tena mahali ni tofauti. Ule ugwe mkuu unaoshuka kutoka kwenye ubongo, ambao ukikatika mtu anapooza miguu yote, haufiki hadi chini kabisa. Kwa mtu mzima unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Kutoka hapo kwenda chini inabaki mishipa iliyotawanyika kama nyuzi, inaelea kwenye maji, ndiyo maana madaktari wa zamani waliipa jina la Kilatini lenye maana ya mkia wa farasi. Diski ya mumeo iko chini, kwenye ya nne na ya tano. Daktari anapofika pale ule ugwe ameshauacha juu.

Na diski yenyewe ni nini? Wewe unauza vitumbua, utanielewa kuliko wengi. Fikiria kitumbua kilichoiva nje, kikawa na ukoko mgumu, lakini katikati bado ni uji. Kikandamize upande mmoja kwa kijiko. Ukoko unapasuka upande wa pili na uji unachuruzika nje. Siku ile ya kabati, uzito ulikandamiza mbele, uji ukatokea nyuma, na nyuma ndipo mshipa unapopita. Sasa niambie, kitumbua kilichopasuka ukikikanyaga kwa kisigino, uji utarudi ndani?

Ndiyo sababu nakuomba yule mzee asipande tena mgongoni kwa mumeo, hata mara moja. Mafuta ya uvuguvugu na mkono mlaini havina ubaya, vinalegeza misuli iliyokaza na mtu anapata usingizi. Kukanyaga ni kitu kingine. Mwenye mifupa iliyoliwa na kifua kikuu au saratani anaweza kuvunjika pingili pale pale mkekani, na mkandaji hana MRI ya kumwonya.

Mashine ya kuvuta mgongo nayo, tafiti zilizokusanywa miaka mingi hazikuonyesha kwamba inaleta nafuu ya maana kwa mtu mwenye diski na maumivu ya mguu. Na mwenye kudai malipo yote ya mara 20 kabla hajamwinua mgonjwa kidole gumba kuangalia nguvu, mimi pesa yangu simpi. Waambie shemeji zako wasiache kuchanga. Ila pesa hizo zikae.

Nisije nikaeleweka vibaya na wasomaji wengine, maana najua wenye maumivu ya kiuno ni wengi na sasa wanajishika migongo wakifikiria kisu. Kama una maumivu yanayoshuka mguuni lakini nguvu zako zipo, vidole vinanyanyuka, mkojo uko sawa, una muda. Mwaka 2007 madaktari wa Uholanzi walichapisha utafiti wa wagonjwa 283 waliokuwa na maumivu makali ya mguu kwa wiki 6 hadi 12. Kundi moja lilipasuliwa mapema, jingine likasubiri likiendelea na tiba nyingine. Waliopasuliwa walipata nafuu haraka zaidi, hilo ni kweli. Lakini mwaka ulipokwisha, makundi yote mawili yalikuwa pamoja: watu 95 kati ya 100 walisema wamepona. Katika waliosubiri, 39 kati ya 100 waliishia kupasuliwa baadaye, waliobaki hawakuhitaji. Mwili wenyewe unao uwezo wa kuula ule uji uliomwagika, taratibu, hadi ukasinyaa. Daktari wenu alipowaambia msubiri wiki sita hakuwapuuza. Siku ile alikuwa sahihi.

Ila utafiti ule ule haukuwapokea watu ambao mguu wao ulishashindwa kujinyanyua, wala wenye matatizo ya mkojo. Hao hawakuwekwa kwenye kundi la kusubiri. Unaona basi kwa nini nimeing'ang'ania ndala.

Kwa wanaosubiri, kusubiri si kulala kitandani. Siku moja mbili za kupumzika zinatosha, kisha utembee, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Dawa za maumivu, diklofenaki na ndugu zake, zinasaidia kwa muda mfupi, baada ya chakula, na mwenye vidonda vya tumbo, presha au figo asizimeze kabla ya kumwuliza daktari. Sindano za matakoni kila siku sizipendi. Mshipa mkubwa wa mguu unapita humo humo, na sindano iliyochomwa vibaya inaweza kuujeruhi ule ule unaotaka kuutibu. Vidonge vya pregabalini, vinavyouzwa sana siku hizi kama dawa ya mishipa, vilipimwa Australia kwa wagonjwa 209 wa maumivu ya aina hii, matokeo yakatolewa 2017: havikushinda vidonge vya bandia, na kizunguzungu kilikuwa kingi zaidi. Tena usitishwe na karatasi ya MRI peke yake. Kwa watu wa miaka 40 wasioumwa popote, karibu nusu picha zao zinaonyesha diski iliyovimba. Picha inasomwa pamoja na mguu.

Na mwenye maumivu ya mgongo ya miezi, yasiyotulia hata akilala, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku, kukonda, au kinundu kinachochomoza katikati ya mgongo, huyo asihangaike na diski. Akapimwe kifua kikuu. Kwetu huku ni ugonjwa wa kila siku, na wengi wake hupona kwa vidonge vya miezi mingi bila kisu. Dawa zake Tanzania hazilipiwi.

Turudi kwa mumeo. Akiamuliwa upasuaji, utakuwa hivi. Atapewa usingizi, atalazwa kifudifudi. Kidonda ni kidogo, kama urefu wa kidole. Misuli inasogezwa pembeni, kinatolewa kipande kidogo cha mfupa ili kupata mlango, mshipa unashikiliwa taratibu upande, na kile kipande cha diski kilichotoka kinaondolewa. Diski yote haitolewi. Wengi wanasimamishwa kesho yake, na kitu cha kwanza wanachosema ni kwamba ule umeme wa mguuni haupo. Hatari zipo na msizifiche: kidonda kupata wadudu, ngozi inayofunika mishipa kupasuka na maji kuvuja, mara chache mshipa wenyewe kuumia. Na kati ya watu 100, kama 5 hadi 15 diski inaweza kutoka tena mahali pale pale.

Jambo moja nataka mlijue mapema ili msije mkalaumiana. Upasuaji unaondoa maumivu haraka kuliko unavyorudisha nguvu. Mshipa uliobanwa unapona polepole sana. Kidole gumba kinaweza kuchukua miezi kuamka, na kikikaa muda mrefu bila msaada huenda kisirudi chote. Ndiyo haraka yangu inapotoka. Wataalamu wa viungo watampa mazoezi, pengine na kifaa cha kushikilia unyayo usianguke. Mambo ya kunyanyua makabati ayasahau kwa wiki kadhaa, hadi daktari amruhusu, na hata baadaye awaachie vijana. Kupiga msasa na kupima mbao kwenye meza ya urefu wa kiuno atarudi mapema.

Mkiwa Dar es Salaam mko karibu na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ambako kazi ya mgongo na ubongo ndiyo kazi yao ya kila siku. Lakini anzieni kwa daktari wenu aliyeona picha, awape rufaa siku hiyo hiyo kama kwake hawapasui. Usimwambie tu kwamba anaumwa mgongo, atakurudisha kwenye foleni. Mwambie mguu umepoteza nguvu, na ndala inamchomoka. Kama hana bima na michango haitoshi, ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali kabla ya kukata tamaa. Msione haya, ofisi ile ipo kwa ajili yenu.

Mchukueni na mama mkwe. Aingie chumbani kwa daktari, akae kiti cha mbele, amwulize mwenyewe yote anayoyaogopa, na daktari amwonyeshe kwenye picha ule ugwe unapoishia. Nimeona akina mama wengi wakali wakitoka mle wakiwa wao ndio wanaowahimiza watoto wao kusaini fomu.

Bahasha ya MRI msiikunje, na ile karatasi ya majibu iwe ndani yake. Kesho mumeo avae viatu vya kufunga, vinavyoshika kisigino kwa nyuma. Ngazini atangulize mguu wa kushoto akipanda, akishuka atangulize wa kulia, na wewe utembee upande wake wa kulia.